Fedha za Halmashauri Nigeria: Majaji Hawakupewa Kazi ya Kuandika Katiba

Ibara ya 162 ya Katiba ya Nigeria ya 1999 imeweka wazi njia ya fedha za serikali za mitaa. Kila jimbo liwe na akaunti moja ya pamoja na halmashauri zake. Mgawo wa halmashauri kutoka Akaunti ya Shirikisho uingie humo, kisha ugawanywe kwa masharti yanayowekwa na bunge la jimbo. Hakuna fumbo katika maneno hayo. Hata hivyo, tarehe 11 Julai 2024 Mahakama ya Juu mjini Abuja iliamua kwamba serikali ya shirikisho inaweza kuzilipa halmashauri zote 774 moja kwa moja, bila kupitia majimbo. Wengi waliushangilia uamuzi huo. Kisheria ni uamuzi mbovu.

Kesi ilifunguliwa na Mwanasheria Mkuu wa Shirikisho dhidi ya majimbo yote 36, na malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Magavana wengi wamezikalia fedha za halmashauri kwa miaka mingi, wakawafukuza viongozi waliochaguliwa na kuweka kamati za muda walizoziteua wenyewe. Ibara ya 7 inadai halmashauri zichaguliwe kidemokrasia, kwa hiyo mahakama ilikuwa sahihi kuziita kamati hizo batili. Wanaoitetea sehemu ya hukumu inayohusu fedha husema Katiba isomwe kwa kufuata lengo lake, na lengo la mgawo ni kumfikia mwananchi wa kijijini. Hoja hiyo inagusa moyo, ila haijibu swali.

Swali ni nani mwenye mamlaka ya kubadili njia. Jaji Emmanuel Agim, aliyetoa hukumu ya walio wengi, alieleza kwamba kwa kuwa malipo kupitia majimbo hayajafanikiwa, haki inataka halmashauri zilipwe moja kwa moja. Lakini ibara inayovunjwa na magavana haifi kwa sababu imevunjwa. Dawa yake ni kuwabana waivunjao. Na kama ibara yenyewe ndiyo mbaya, ibara ya 9 imeonyesha namna ya kuirekebisha: theluthi mbili katika kila chumba cha Bunge la Taifa, kisha mabunge ya majimbo yasiyopungua 24. Njia hiyo ilikwishajaribiwa. Mwaka 2022 Bunge la Taifa lilipitisha pendekezo la kuzipa halmashauri uhuru wa fedha. Likakwama kwenye majimbo, na halikuwamo katika marekebisho yaliyotiwa saini 2023. Pengine wabunge wa majimbo walikataa kwa kuwaogopa magavana wao. Bado walikuwa na haki ya kukataa. Mwaka mmoja baadaye majaji, ambao hawakupigiwa kura na mtu yeyote, walitoa kile ambacho majimbo yalikuwa yamekikataa. Huko si kutafsiri Katiba. Ni kuirekebisha bila idhini ya wenye idhini, na shirikisho ambalo mahakama yake hufanya hivyo halina tena mpaka ambao jimbo linaweza kuutegemea.

Mahakama hiyohiyo iliwahi kuulinda mpaka huo. Rais Olusegun Obasanjo alipozuia fedha za halmashauri za Lagos, baada ya Gavana Bola Tinubu kuongeza halmashauri 37, mahakama ilisema mwaka 2004 kwamba Katiba haimpi Rais uwezo wa kuzuia mgawo. Lagos ilishinda mahakamani kwa maandishi ya ibara ya 162. Miaka 20 baadaye ilikuwa serikali ya Rais Tinubu iliyoomba majimbo yaondolewe njiani.

Wala hukumu haikumwondoa gavana mlangoni mwa halmashauri. Uchaguzi wa mitaa bado unasimamiwa na tume za majimbo chini ya ibara ya 197, ambazo viongozi wake huteuliwa na gavana. Oktoba 2024 jimboni Kano, chama cha gavana, NNPP, kilitwaa halmashauri zote 44. Mwenyekiti anayepatikana hivyo atamsikiliza gavana, hata fedha zikitumwa mkononi mwake.

Bunge la Taifa lirudishe pendekezo la kurekebisha ibara za 162 na 197, na wananchi wa kila jimbo wamdai mbunge wao apige kura hadharani.