Orodha ni Uhakiki: Nyimbo za Wasanii Huru wa Kwale na Ukimya wa Idara Zetu

Miongoni mwa walimu wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu imeenea dhana kwamba kazi ya mhakiki huanza pale kazi ya mkusanyaji inapokoma. Mkusanyaji, kwa mujibu wa dhana hii, ni mchukuzi tu: huutua mzigo mlangoni akaenda zake, na mhakiki ndiye aufunguaye. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Tunashikilia kwamba kuzichagua nyimbo, kuziweka pamoja chini ya mada moja, na kuamua upi utangulie na upi ufuate, ni tendo la kihakiki. Tunashikilia vilevile kwamba vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni wanaolitenda tendo hilo katika simu zao wanaifanya kazi ambayo idara zetu zimeitelekeza.

Kilichotuchochea kuandika ni pendekezo la utafiti la mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kwale, lililokataliwa na jopo la chuo ambacho hapana haja ya kukitaja. Mwanafunzi huyo alikusudia kuchunguza orodha za nyimbo, ambazo vijana huziita pleilisti, zinazoandaliwa na wenzake kutokana na kazi za wasanii huru wa Pwani ya Kusini. Yaani wasanii wanaojirekodia katika vijistudio vya mitaani na kujisambazia wenyewe, bila kampuni ya kuwatangaza wala ya kuwapunja. Orodha moja aliyoiambatisha ilikuwa na mada ya kuvuka. Nyingine, mada ya ardhi. Jopo likamjibu kwamba hayo ni matumizi ya muziki wala si fasihi, na kwamba mtu kupanga nyimbo azipendazo ni sawa na mtu kupanga viatu vyake.

Tuanzie basi kwenye viatu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Hakuacha kitabu. Beti zake zilibaki vifuani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kumpa W. E. Taylor, kisha W. Hichens akazichapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka mwaka 1940. M. H. Abdulaziz alipozirudia katika kitabu chake cha 1979, alizirejesha beti hizo katika matukio ya Mvita ya Wamazrui na uhasama wao na Seyyid Said. Shairi ambalo likisomwa peke yake ni la mpenzi anayemlaumu mwenziwe laweza, likiwekwa kando ya mashairi ya vita, kusomeka kuwa ni la mji unaomlaumu mshirika wake. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni jirani yake. Ikiwa ujirani huo ni uhakiki pale unapopangwa na profesa na kupigwa chapa, kwa kanuni ipi unageuka kuwa upangaji wa viatu unapofanywa na kijana wa Msambweni?

Jibu ambalo hutolewa kwa sauti ya chini ni kwamba nyimbo si mashairi. Jibu hili linashangaza likitoka katika kinywa cha mtu aliyesomea fasihi ya Pwani. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliziimba tungo za Ahmad Nassir, mtunzi yuleyule ambaye Malenga wa Mvita (1971) yake imo katika orodha zetu za vitabu vya lazima. Zein l'Abdin aliziimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Shaaban Robert hakuona haya kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, na Kitula King'ei aliandika tasnifu nzima kuhusu nyimbo za taarabu nchini Kenya (1992). Hao wote tunawataja madarasani kwa heshima kubwa, kisha tunamrudisha nyumbani mwanafunzi anayewafuata.

Wala usanii huru si jambo lililoingia Pwani pamoja na intaneti. Katika miaka ya 1960 na 1970 waimbaji wa Mombasa walirekodi santuri kwa wafanyabiashara wa mjini humo humo, kama Assanand na lebo yake ya Mzuri. Na santuri zilipofifia, kanda za duka la Mbwana Radio zikashika nafasi, nyingi zikiwa zimerekodiwa harusini, na kelele za wenye kutunza zimo ndani yake. Kanda hizo zilivuka Likoni zikafika Gazi, Msambweni na Vanga bila idhini ya mkuu yeyote wa utamaduni. Mteja aliyetaka nyimbo zake maalumu aliandika majina kwenye kipande cha karatasi, akamwachia mwenye duka, akarudi kuchukua kanda iliyonakiliwa kwa mpango wake yeye. Asiyekuwa na fedha za kanda alituma kadi ya salamu redioni, akaorodhesha majina ya jamaa na marafiki, akachagua wimbo. Ni nani kati yetu aliyewahi kuzikusanya karatasi hizo na kadi hizo na kuuliza kwa nini wimbo fulani ulichaguliwa kwa ajili ya shangazi fulani, katika mwezi fulani? Zimeoza. Nadharia ya upokezi tumeifundisha kwa mifano ya Ujerumani.

Turudi kwenye orodha ya kuvuka, maana ndiyo iliyobeba hoja yetu. Msomaji asiyeijua Kwale akumbuke kwamba mtu wa Kusini, akitaka kufika kisiwani Mombasa, tangu hapo ametegemea feri. Mnamo tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Hakuna wimbo kuhusu maji katika upande ule unaoweza kuimbwa kana kwamba siku hiyo haikuwapo. Mtayarishaji wa orodha hii anafungua kwa wimbo wa mapenzi, mwepesi, wenye gita na mashine ya ngoma: mwanamume anamngoja mwanamke aliye ng'ambo. Wa pili ni wimbo wa Kidigo uliojengwa juu ya mapigo ya sengenya, na zumari inasikika kwa mbali kama inayotoka nyumba ya pili. Wa tatu ni chakacha. Ndipo unakuja wimbo wa nne, ombolezo la mama mmoja, bila ala yoyote. Kisha mtayarishaji anafanya jambo ambalo sisi tungelitamani katika diwani zetu: anaurudia wimbo wa kwanza. Mwanamume yule yule anangoja ng'ambo ile ile, na sasa hatujui kama anayengojwa yu hai.

Hapo hakuna aliyeandika hata sentensi moja ya uchambuzi, lakini maana mpya imezalishwa. Tunao msamiati wa kulieleza jambo hili: taswira, takriri, kinaya, mwingilianomatini. Tunakosa utayari wa kuutumia msamiati huo nje ya kurasa.

Tukishikilia kwamba kupanga ni uhakiki, hatuna budi kukubali kwamba kuna uhakiki mbovu, na huo ndio uliotapakaa. Tangu Spotify ilipoingia Kenya mwaka 2021, na hata kabla yake kupitia Boomplay na YouTube, msikilizaji amezoea kupangiwa nyimbo kwa hali ya moyo: za kutulia, za kulala, za ufuoni. Wimbo wa Pwani ukitiwa katika kapu la ufuoni umekwisha kuhakikiwa, na umehakikiwa vibaya. Fumbo, ambalo ndilo roho ya utunzi wa Waswahili na majirani zao Wamijikenda, lahitaji msikilizaji anayeshuku. Mpango wa hali ya moyo humtaka msikilizaji asishuku kitu. Mtunzi wa Kwale anayeimba kuhusu mgeni aliyekaribishwa akavuta mkeka wote aweza kuwa anamsema mkwe, aweza pia kuwa anayasema mashamba ya Diani. Katika kapu la ufuoni hasemi lolote, anapunga upepo. Hoteli za Diani zilitangulia kufanya hivyo kabla ya mashine yoyote. Kwa miongo minne bendi zake zimerudia Jambo Bwana, uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, hadi wageni wakaamini kwamba Pwani nzima ina wimbo mmoja wa kuwasalimu wao. Wimbo wenyewe hatuna ugomvi nao. Tunagombana na orodha yenye wimbo mmoja.

Neno lingine la kutiliwa shaka ni kuvumbua. Mkusanyaji wa ng'ambo huvumbua wimbo ambao kila bibi harusi wa Msambweni aliingilia nao ukumbini. Hata hivyo insafu yatulazimu kusema yasiyotupendeza. Songs the Swahili Sing ya John Storm Roberts ilitoka mwaka 1983, na baadaye Werner Graebner akahariri mfululizo wa Zanzibara, ambao juzuu yake ya pili ni ya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Mwanafunzi wetu akitaka kujua ni nani alimpigia nani ala gani katika miaka hiyo, ataanzia kwenye maelezo ya jalada yaliyoandikwa na Mjerumani. Tukitaka kulalamika kuhusu wavumbuzi, kwanza tungekuwa na kitu chetu cha kuweka kando ya kazi yao.

Vijana nao tusiwape sifa wasizostahili. Katika orodha nyingi tulizozisikiliza jina la mtunzi halipo. Lipo la mwimbaji, au la kijana mwenye studio, au halipo kabisa, kwa sababu wimbo umetoka kwenye flashi ya matatu. Mpiga zumari hatajwi kamwe. Afrika Mashariki tunajua gharama ya uzembe huu. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William, umezunguka dunia, Boney M wakauimba mwaka 1981, na hadi leo kuna mabishano juu ya nani aliyeutunga. Mhakiki asiyetaja matini yake ni ya nani hafaulu mtihani wa mwaka wa kwanza. Nasi tumedai kwamba mtayarishaji wa orodha ni mhakiki, basi naye afelishwe kwa kosa lile lile.

Imebaki pingamizi la lugha. Jopo lilisema pia kwamba nyimbo kadhaa zilikuwa za Kidigo, na idara ni ya Kiswahili. Kauli hii ingekuwa na uzito kama watunzi wenyewe wangeijua mipaka hiyo. Mtunzi wa Msambweni huanza ubeti kwa Kidigo, akaingia Kiswahili katika kibwagizo ili wa Mombasa waelewe, akarudi Kidigo pale anapotaka kusema jambo la nyumbani. Kuhama huko ni mbinu ya kisanaa, na hadhira yake hutambua papo hapo ni nani anayezungumziwa na ni nani anayefichwa. Ukikata sehemu za Kidigo ukabakisha Kiswahili, umebakisha kile tu ambacho mtunzi alikubali kisikiwe na wageni. Tunawaomba wanajopo watueleze ni kwa kipimo gani cha kitaaluma sehemu hiyo ndiyo wanayoiita fasihi.