Kupunja vipimo si kwenye mizani pekee

  

Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu ina sura iliyopewa jina la wapunjao vipimo, Suratul Mutaffifin, sura ya 83, nayo hufunguka kwa onyo kali dhidi ya mtu ambaye akipimiwa yeye hudai haki yake yote, na akiwapimia wenzake hupunguza. Sura hii inaposomwa misikitini kwetu, aghalabu fikra za wasikilizaji huenda sokoni, kwenye mizani ya muuza mchele na kibaba cha muuza maharage. Leo tunaomba ziende pia kwenye maduka ya vifaa vya simu, yanayouza pawabanki, memori kadi, flashi, chaja na hedfoni. Pesa za familia zetu zinaingia humo kila mwezi, na kipimo cha vitu hivyo hakionekani kwa macho.

Mji wetu wa Tabora ulikua kwa biashara ya vitu vilivyotoka mbali. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokaa Kazeh na Kwihara katika karne ya 19 walipokea misafara kutoka Bagamoyo, mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Ndani yake mlikuwa na shanga, nyaya za shaba na vitambaa, hasa ile merikani iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilifumwa Marekani. Hatuitaji njia hiyo kwa kuisifu, maana ndiyo waliyopitishwa wanadamu wenzetu wakiwa katika minyororo. Tunaitaja kwa ajili ya vipimo vyake. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Shanga na pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16. Mnunuzi aliyeshuku aliweza kuulaza mkono wake mwenyewe juu ya kitambaa na kupima upya, na bila shaka kila nyumba ilipenda kumtuma dukani mwenye mkono mrefu. Ugomvi ulikuwapo, lakini ulikuwa ni ugomvi juu ya kitu ambacho wote wawili wanakiona.

Sasa mtazame mkulima wa asali wa Sikonge anayekuja mjini. Asali yake hupimwa kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. (Hatusemi kwamba sisi wauzaji asali tu watakatifu; wanaochanganya sukari wanajijua.) Akishalipwa, anaingia dukani kununua pawabanki, kwa sababu kijijini kwake umeme haujafika na simu ya nyumba nzima inaitegemea. Juu yake pameandikwa mAh 20,000. Ni nani aliyeipima? Huko kijijini ataiulaza mkono gani?

Inafaa tueleze kidogo, kwani ujinga wa mnunuzi ndio mtaji wa mlaghai. Herufi mAh ni kipimo cha chaji inayohifadhiwa na betri. Betri zilizo ndani ya pawabanki huwa na volti 3.7 hivi, ilhali umeme unaotoka kwenda kwenye simu ni wa volti 5. Kwa hesabu hiyo, mAh 20,000 za ndani huwa 14,800 zinapotoka, na sehemu nyingine hupotea kuwa joto, hivyo mnunuzi hupata kiasi cha 12,000 au 13,000. Huo si wizi iwapo umeelezwa, na viwanda vyenye uaminifu huandika tarakimu zote mbili. Wizi ni pale ambapo ndani mna betri moja au mbili tu na juu pameandikwa 20,000. Betri moja ya mduara, ile iliyozoeleka, ina uzito wa gramu 45 hivi na kwa kawaida hubeba mAh 2,000 hadi 3,500. Basi 20,000 haziwezi kupatikana chini ya betri 6, na betri hizo peke yake zina uzito wa gramu 270. Pawabanki nyepesi kama kiberiti inayodai 20,000 inasema uongo kabla hujaichaji. Walaghai wameligundua hilo pia, na katika nchi mbalimbali zimepasuliwa pawabanki zikakutwa na mchanga ndani.

Mwenye kusoma fiqhi atalikumbuka hapa jambo ambalo wanavyuoni huliita tasriya. Muuzaji humwacha ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kumkama, ili chuchu zijae na mnunuzi adhani kwamba ni mnyama mwenye maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi aliyehadaiwa hiari ya kubaki na mnyama wake au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sisi hatuoni tofauti kati ya chuchu zilizojazwa maziwa ya siku 3 na ganda la plastiki lililojazwa mchanga.

Hatuyasemi haya kwa kuyasikia tu. Miaka michache iliyopita tulimwendea maalimu mmoja mzee katika kijiji cha upande wa Sikonge, mtu aliyesoma kwa walimu ambao nao walisoma kwa watu wa misafara. Alikuwa amehifadhi kichwani majina ya waalimu wake hadi pwani, na majina ya vituo vyote vya njia ya zamani, na ni nani alimfundisha nani katika kila kituo. Hakuna kitabu chenye elimu hiyo. Tukanunua katika duka moja la mjini memori kadi iliyoandikwa GB 64, tukaitia kwenye simu, na kwa jioni 6 tukampiga picha za video akisimulia. Baada ya miezi 4 akafariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wanawe walipotuomba nakala, tulifungua memori kadi, tukayaona majina ya vipande vyote vya jioni 6 yamepangwa vizuri. Jioni ya 1 na ya 2 zilifunguka. Ya 3 ilifunguka nusu. Zilizobaki zilikuwa majina matupu.

Kijana mmoja wa madrasa yetu, ambaye tulikuwa tukimgombeza kwa kushinda na kompyuta, ndiye aliyetufahamisha. Memori kadi ile ilikuwa na GB 16 tu, na ubongo wake mdogo ulikuwa umepangwa kiwandani au kichochoroni ili uiambie simu kwamba ni 64. Kinachozidi uwezo wake hupokewa kana kwamba kimehifadhiwa, na hupotea. Majina hubaki kwa sababu orodha yake huandikwa mwanzoni mwa kadi.

Tukarudi dukani. Mwenye duka, ambaye ni ndugu yetu Mwislamu, alitupa majibu mawili: kwamba risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, na kwamba yeye pia aliuziwa hivyo hivyo. Majibu hayo mawili husikika kila siku, na yote mawili yana jawabu katika sheria yetu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, muuzaji hawezi kujivua dhamana ya aibu ya bidhaa kwa sharti la jumla. Wanavyuoni wamevua aibu ya ndani ya mnyama peke yake, tena ile ambayo muuzaji hakuijua. Memori kadi si mnyama. Kwa hiyo maneno ya risiti hayamwondolei mnunuzi haki ya kurudisha, mradi afanye hima mara agunduapo aibu. Na kutojua kwa muuzaji humwondolea dhambi ya udanganyifu, hakumwondolei wajibu wa kurudisha pesa. Yeye naye atamdai aliyemuuzia. Isipokuwa aliyekwisha kuambiwa na wateja wawili watatu, kisha akaendelea kuzipanga kwenye kabati la kioo, huyo hawezi tena kusema hajui. Wallahu a'lam. Ndugu yetu yule, tumshukuru, alirudisha pesa.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya utambulisho. Memori kadi na chaja hazijiungi na mtandao, basi haziwezi kufungiwa kwa njia hiyo. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia, lakini haiwezi kukaa katika kila kibanda cha Tabora, Nzega na Urambo.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi watumie hiari ambazo sheria imewapa. Ipo hiari ya kikao, yaani kila mmoja kati ya muuzaji na mnunuzi anaweza kuvunja biashara maadamu hawajaachana. Basi ijaribuni chaja na pimeni uzito wa pawabanki mkiwa bado dukani. Ipo pia hiari ya sharti, ambayo kwa Shafi haizidi siku 3: mwambie muuzaji kabla ya kulipa kwamba unanunua kwa sharti hilo, na mkubaliane mbele ya shahidi. Siku 3 zinatosha kabisa kuijaza memori kadi hadi juu na kufungua mafaili ya mwisho mojamoja. Iko hata programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Muuzaji akilikataa sharti, hilo nalo ni jawabu. Na kazi ya kupima mpeni yule mtoto mtundu wa nyumba, anayefungua redio na kuzikusanya tena. Tumemlaumu mno. Zamani nyumba ilimtuma dukani mwenye mkono mrefu.

Tuliwapelekea wana wa marehemu kile kilichookoka. Katika kipande cha mwisho kinachofunguka, jioni ya 3, mzee anahesabu vituo kwa vidole akija kutoka mashariki. Anataja Mpwapwa, anaivuka Ugogo, anafika Tura, anamtaja mwalimu wa hapo na wanafunzi wake wawili. Anataja Rubuga. Anakunja kidole kinachofuata, ambacho kwa mpangilio wa njia ile ni Kigwa, na picha inasimama.