Kabla Hujaing'oa Redio ya Gari

Gari likiingia Kabongo, hata kabla vumbi la barabara ya Kamina halijaoshwa, mwenyewe ameshapata washauri. Toa hiyo redio ya zamani, weka skrini, tafuta amplifaya ya wati elfu moja. Wanasema kwa nia njema. Lakini mengi wanayoyasema si kweli, na fedha inayopotea ni fedha ya mahindi, ya mihogo na ya mizigo iliyobebwa kwa jasho. Tuyapime maneno yao.

Wanaanza kwa kusema redio iliyokuja na gari haishiki stesheni, kwa hiyo imekufa. Haijafa. Magari mengi tunayoendesha yaliuzwa kwanza Japani, na huko FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Redio za miaka ya karibuni zinafika 95. Kwetu FM inaanza 87.5 hadi 108. Radio Okapi ya Kinshasa, kwa mfano, iko 103.5, na redio ya Kijapani haitaishika hata ukiegesha gari mbele ya mnara wake. Kipo kifaa kidogo cha kushusha masafa, kinachochomekwa kati ya antena na redio. Kinasaidia, ila kwa kipande tu: kikishusha kwa 12 kwenye redio inayoishia 90, utapata kuanzia 88 hadi 102, na zilizo juu ya hapo utazikosa. Ulizia kwanza stesheni unayoipenda iko kwenye namba gani. Hapa nakubaliana na washauri nusu: anayetaka FM yote ana sababu halali ya kubadilisha redio. Sababu hiyo ni masafa, si ubovu wa sauti.

Neno linalokula fedha nyingi zaidi ni hili la wati. Boksi la redio mpya limeandikwa 4 x 60 W, na mnunuzi anahesabu 240 kichwani. Geuza redio yenyewe uangalie mgongoni. Utaona fyuzi ndogo ya plastiki, mara nyingi nyekundu, imeandikwa 10. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni volti 14 na kidogo. Zidisha kwa ampea 10: ni wati kama 144 zinazoweza kuingia kwa muda mrefu, na humo zimo za kuwasha taa, za skrini, na zile zinazopotea kuwa joto. Hizo 240 zitatoka wapi? Redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya nje, ikilisha spika za omu 4, haivuki wati 26 safi kwa kila spika, na kwa kawaida haifiki hapo. Kanuni ya umeme ndiyo inayokataa, hata jina la kampuni liwe kubwa namna gani. Ukikaza zaidi, muziki unakwaruza na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaweza kuungua. Redio ya kiwandani nayo inakula umeme huohuo wa volti 14. Kwa nguvu, mara nyingi hizo mbili hazipishani sana.

Amplifaya ya wati elfu moja nayo ipigie hesabu. Kwa volti 14 ingehitaji zaidi ya ampea 70, hata kama hakuna kinachopotea. Oltaneta ya gari dogo inatoa kama hizo kwa jumla, pamoja na taa, feni na injini yenyewe. Kisha tazama fyuzi za amplifaya hiyo: ukikuta moja ya 30, umeshajua ukweli wake. Na sikio lina tabia yake. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, tofauti ndogo tu. Ili muziki usikike kama umekuwa mkubwa maradufu, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Aliyeacha wati 50 akanunua 100 amelipa sana kwa kitu kidogo.

Redio kwanza, spika baadaye? Kinyume chake. Spika ndizo zinazougeuza umeme kuwa sauti, na ndizo zilizochakaa. Za kiwandani nyingi ni za karatasi na sumaku nyepesi. Miaka ya jua, vumbi la kiangazi na mitikisiko ya barabara zetu imezichana pembezoni. Fungua ubao wa ndani wa mlango, weka vidole viwili pande zote za karatasi, isukume taratibu. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku, na hakuna redio itakayoiponya.

Kisha angalia tundu lenyewe. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Kukiwa na mwanya, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana na kuuana, na besi inakufa kwanza. Seremala yeyote wa Kabongo anaweza kukata pete ya mbao ya kukaza spika mlangoni. Ziba mianya kwa sponji na gundi. Kazi hii ni ya bei rahisi, na inaongeza besi kuliko skrini yoyote. Ukitaka kuijaribu, weka Masanga, wimbo wa mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, ule uliorekodiwa na mkusanya muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Ni gitaa moja: kidole gumba kinabeba nyuzi nzito, cha shahada kinaimba juu. Kwenye spika mbovu gumba linapotea kabisa, nusu ya wimbo inakwenda nalo. Mtu wa Katanga hastahili kumsikia Mwenda hivyo.

Wengine wanaogopa kwamba amplifaya inaua betri. Kinachoua mara nyingi ni ufungaji. Kwenye redio nyingi waya wa njano unapata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unafuata ufunguo. Fundi mwenye haraka anaifunga yote miwili pamoja, redio inabaki macho usiku kucha, na asubuhi gari linasukumwa. Amplifaya nayo ina tundu la REM. Liunganishwe na waya wa redio unaoiwasha, usilifunge kwenye betri moja kwa moja. Kupiga muziki saa nyingi injini ikiwa imezimwa, hapo ndipo hofu yao ina haki.

Tena wanasema waya ni waya. Kwangua kwa kisu: ndani ukikuta weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na inapoteza umeme zaidi kwa unene uleule. Waya mnene unaotoka betri lazima upite kwenye fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45. Bila hiyo, siku ganda likisuguliwa na bati la gari, moto hauzuiliki. Hapa sina nafasi ya kuvumiliana: hakuna fyuzi, hakuna amplifaya.

Fedha ikitosha kitu kimoja, nunua spika za milango ya mbele na uzibe mianya. Ukiweka amplifaya, usimlipe fundi mpaka afungue boneti na kukuonyesha fyuzi kwa macho yako.