Hati ya Kukamatwa Haichakai



Aliyeachiliwa kwa dhamana asipofika mahakamani siku ya kesi, hakimu aweza kutoa hati ya kukamatwa. Wengi huhama mji wakidhani miaka itaifuta. Sivyo. Kwa sheria ya Kenya, hati hiyo hudumu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Iliyotolewa Kwale, mlango wake ni Kwale.

Basi nendeni masjala ya mahakama hiyo na jina kamili na nambari ya kesi, muulizie faili. Kisha mhusika afike mwenyewe mbele ya hakimu, na wakili ikiwezekana, aombe hati ifutwe na aonyeshe sababu ya kutofika, kama vile cheti cha hospitali. Hakimu aweza kukataa. Lakini ajaye kwa miguu yake ana la kujitetea kuliko aletwaye kwa pingu. Wala msimlipe yeyote anayedai kuimaliza vichochoroni.

Tumkumbuke na mdhamini. Pengine ni mama aliyeweka hatimiliki ya nyumba ya mayatima. Mwana akitoroka, nyumba imo hatarini. Dhamana ni amana, na amana haikimbiwi.

Wabillahi tawfiq.