Swichi ya Joto Haiwashwi

Asubuhi za Julai mjini Nyeri, Karatina na Nanyuki, wenyeji husema kwamba baridi imeingia. Mwanafizikia atasema baridi haiingii kamwe; joto ndilo linalotoka. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi mtu anapotaka kueleza kwa Kiswahili mitambo inayopoza vitu hadi karibu na sifuri kamili, yaani nyuzi -273.15 za Selsiasi.

Ndani ya mitambo hiyo mna kifaa ambacho jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni “swichi ya joto”. Kazi yake ni kuruhusu joto lipite kutoka sehemu moja hadi nyingine, kisha kulizuia. Mfasiri mvivu ataridhika hapo. Hata hivyo, swichi kwa Kiswahili huwashwa na kuzimwa, na kuwasha ni kitenzi cha moto. Msomaji akiambiwa swichi ya joto imewashwa, atadhani mtambo unapashwa moto, ilhali aghalabu joto ndilo linaloondolewa. Akikimbilia msamiati wa saketi, mambo yataharibika zaidi. Waingereza husema saketi imefungwa pale umeme unapopita. Mswahili hufungua redio ili aisikie. Tafsiri sisisi hapa haipotezi ladha tu, bali huipindua maana.

Jina linalofaa ni lango la joto. Likifunguliwa, joto hupita, likifungwa, halipiti. Watakaolalamika kwamba lango ni neno la boma la ng’ombe wakumbuke kuwa bomani huko huko hufika mtungi wa naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi -196, uliohifadhi mbegu za fahali. Mtungi huo, sawa na chupa ya chai, una kuta mbili zenye ombwe katikati, hivyo joto hukosa njia.

Aina moja ya lango la joto ni kama chupa hiyo iliyopewa hiari. Gesi kidogo ya heliamu ikijaa kati ya nyuso mbili za metali, joto huvuka. Gesi ikinyonywa na makaa yaliyopozwa, ombwe hurudi na lango hufungwa. Makaa yakipashwa joto kidogo, huiachilia tena. Ugumu wa usanifu uko kwenye nyuso hizo: sharti zikaribiane mno bila kugusana, na kiunzi kinachozishikilia kisiwe chenyewe njia ya joto.

Aina nyingine hutumia alumini. Chini ya takriban nyuzi -272, metali hii hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ikizidi kupozwa, elektroni zake zilizoungana jozi hazibebi joto, na lango hufungwa. Uga wa sumaku ukizivunja jozi hizo, lango hufunguka. Hapa umeme na joto vimeachana njia kabisa, nayo ni hoja nyingine ya kutokopa istilahi za umeme.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi ya aina hiyo haikamiliki maktabani. Kutoka Karatina hadi Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi ni safari fupi ya matatu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu istilahi angefanya vyema kuifunga safari hiyo, akamwomba mwenzake wa uhandisi amchoree kifaa, kisha waanze kubishana kuhusu jina.