Kiatu Hupimwa kwa Mguu

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hekima hiyo yamhusu pia mwanariadha chipukizi wa Iten anayeagiza viatu vya mbio mtandaoni kwa akiba aliyoidunduliza. Picha humwonyesha rangi na bei, wala haimwonyeshi kidole kitakapobanwa. Saizi 42 ya kiwanda kimoja huenda isilingane na 42 ya kingine, na mguu nao huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Muuzaji mahiri dukani humpima mteja akiwa amesimama, akaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

Ni kweli, mtandao humfaa aishiye mbali na maduka hayo, na bei yake huweza kuwa nafuu. Hata hivyo, unafuu wa kiatu kinachochubua ni hasara. Basi jozi ya kwanza na inunuliwe dukani. Mtandao uachiwe jozi ya pili, ya toleo lile lile.