Mtu wa Tatu Akawa wa Kwanza

Unapofika uchaguzi wa ushirika kijijini, twajua inavyokuwa. Makundi mawili hushindana hata majirani wasisalimiane kisimani. Basi leo sikilizeni habari ya mbali, ya Kanada, maana ina faida kwetu.

Katika jimbo la Alberta chama cha Progressive Conservative kilitawala tangu mwaka 1971. Mwaka 2006 wajumbe wa chama walimpa mkuu wao, Ralph Klein, kura za imani 55 tu katika kila 100, naye akaamua kuondoka. Watu wanane wakataka kiti chake. Kila mwanachama aliruhusiwa kupiga kura, na kadi ya chama ilikuwa dola 5.

Tarehe 25 Novemba Jim Dinning akawa wa kwanza, Ted Morton wa pili. Wa tatu, nyuma sana, alikuwa Ed Stelmach, mkulima, aliyepata kura 15 hivi katika kila 100. Kwa kuwa hakuna aliyefikia nusu, hao watatu walishindana tena tarehe 2 Desemba. Safari hii kila mtu aliweza kuonyesha amtakaye, na pia yule ambaye angemkubali kama wa kwanza akianguka.

Wafuasi wa Dinning na wa Morton hawakupatana hata kidogo. Stelmach alijulikana kuwa mtu mpole, na watatu katika wale walioanguka mwanzoni walimwunga mkono. Kura zilipohesabiwa, alimpita Dinning kwa kura zisizofika 500. Morton akawa wa mwisho, ndipo karatasi zake zikatazamwa jina la pili. Nyingi zilimtaja Stelmach! Akashinda kwa kura 77,577 dhidi ya 55,509.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Lakini Stelmach naye alijikwaa baadaye: aliondoka mwaka 2011 katikati ya magomvi ya chama, na mwaka 2015 chama chenyewe kikashindwa uchaguzi. Upole peke yake hautoshi kuongoza.

Hata hivyo, kabla ya kupiga kura, jiulize: nikimkosa nimpendaye, ni nani mwingine nitakayekubali aniongoze? Kama jibu ni "hakuna", hapo unatafuta ugomvi, si kiongozi. Nawe mgombea, uchunge ulimi wako. Jirani uliyemtukana jana huenda kesho ndiye mwenye kura inayokupungukia.